Aliyesikiliza Muhtasari

Inspekta alikuwa ameshastaafu upelelezi, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani isiyokwenda, lakini habari hizo zilikuwa hazijamfikia wifi yake. Au zilimfikia akazipuuza, maana ndivyo alivyofanya na habari nyingi zisizompendeza.

"Sikukuitia uchunguzi," wifi alisema huku akimsukumia kiti. "Uchunguzi tumeshamaliza. Nimekuita utie muhuri tu."

"Muhuri niliurudisha pamoja na bunduki."

"Basi utasema kwa mdomo. Saa kumi alasiri tunaingia hewani kamati nzima. Nitakupa simu, utasema neno moja: ndiye. Watu wakisikia kwa Inspekta watatulia, na yule mwanamke atatoka kwenye chumba changu kabla giza halijaingia."

Yule mwanamke alikuwa fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani, hatua chache kutoka pale walipokaa. Wifi alikuwa mwenye nyumba, na zaidi ya hapo alikuwa Mwenyekiti wa kampeni ya mtaa dhidi ya malori ya saruji. Tangu achaguliwe, hata mumewe, ambaye ni kaka yake Inspekta, alikuwa akimwita Mwenyekiti, na haikujulikana kama anatania.

Inspekta aliomba kuelezwa tangu mwanzo, na akajuta. Alipochuja malalamiko, laana na habari za majirani, kilichobaki ni hiki. Malori ya ghala la saruji yalitakiwa kuzunguka kwa barabara kuu. Ili kuokoa mafuta, yalikata katikati ya mtaa kwa njia mbili, moja inayopita shuleni na nyingine inayopita kwenye tangi la maji. Lori moja likamvunja mguu mtoto wa darasa la pili mbele ya lango la shule. Watu wakaamua kukaa barabarani hadi malori yakome. Ajabu ni kwamba wakikaa njia ya shule, malori yanapita ya tangi. Wakikaa ya tangi, yanapita ya shule. Wakijigawa kote kuwili, siku hiyo yanazunguka barabara kuu kwa adabu zote, na kesho yake yanarudi. Watu wazima na mabango yao wakawa wanaota jua kwenye barabara tupu, huku waendesha pikipiki wakiwauliza wamepoteza nini.

Mipango yote ilifanywa kwa simu, kwenye kundi la ujumbe na mikutano ya sauti ya intaneti. Kwa hiyo kulikuwa na msaliti ndani ya kundi. Hapo Inspekta hakuwa na ubishi.

"Nipe hiyo simu nisome," alisema.

Alisoma hadi macho yakamuuma. Ushahidi, kama ulikuwepo, ulikuwa umezikwa chini ya maua. Kila asubuhi wanakamati walitumiana picha za waridi zenye maneno ya kuamshana. Mtu aliuliza kikao ni saa ngapi, wenzake sita wakamjibu kwa alama ya viganja vilivyofumbatana, na hakuna aliyemtajia saa. Mwingine alituma dawa ya vidonda vya tumbo. Katikati ya hayo ndipo ulipokuwa mpango wa kuyazuia malori, kama mtu angeweza kuuona.

Halafu makundi yenyewe hayakuwa moja. La kwanza liliitwa Malori Yatoke. Lilipovuja, walimshuku kinyozi kwa sababu ananyoa madereva, wakaanzisha lingine bila yeye, Malori Yatoke Kamati. Nalo likavuja. Wakamwacha nje muuza vocha, wakaanzisha Kamati Safi. Sasa walikuwa kwenye Kamati Safi Kabisa.

"Hili likivuja mtaliitaje?" Inspekta aliuliza.

"Halivuji tena. Jumatatu tumemtoa Fundi. Jumatano tukakaa njia ya tangi, na malori hayo yakaja! Manne, yamefuatana, hayana pa kugeuzia. Miezi yote hii hatujawahi kuyapata. Tumemtoa yeye, tumeyapata. Kuna hesabu nyingine hapo?"

Hesabu ilikuwa nzuri, na Inspekta alichukia hesabu nzuri zinazoletwa na watu wenye hasira.

"Na mumewe ni dereva wa lori hukohuko ghalani," Mwenyekiti aliongeza, kama anayeweka kifuniko juu ya sufuria.

Inspekta aliendelea kushuka na kidole. Kila baada ya mkutano wa sauti kulikuwa na ujumbe mrefu wa sauti kutoka kwa Katibu, mwalimu wa jiografia wa shule ileile. "Hii ni nini?"

"Muhtasari. Anatuma kwa ajili ya waliokosa mkutano kwa kuishiwa bando."

"Na aliyeishiwa bando ataupakuaje?"

"Usianze, wifi."

"Wewe unausikiliza?"

"Mimi? Katibu akianza salamu mpaka afike kwenye ajenda unaweza kufua shuka na kulianika. Sijawahi kusikiliza hata mmoja, na usimwambie."

Inspekta alisimama, akajinyoosha mgongo. "Naenda kuongea na Fundi."

"Wa nini? Atakana tu!"

"Nikitia muhuri bila kusoma nitakuwa mwanakamati."

Chumba cha uani kilikuwa nusu tupu. Cherehani ilikuwa imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba mlangoni. Fundi, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia bado shingoni, alikuwa anapanga vyombo kwenye beseni kwa vishindo ili vishindo hivyo visikike nyumba kubwa. Mumewe, Dereva, alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa na glavu za kazi mapajani. Alionekana kama mtu aliyeambiwa anyamaze na akaona ni ushauri mzuri.

"Umekuja kutia muhuri?" Fundi aliuliza.

"Nani kakwambia?"

"Dirisha lake na langu yanatazamana, mama. Naye haongei, anatangaza."

Inspekta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliona kabati la vitambaa halina kitu. Fundi akafuata macho yake.

"Wateja wameshachukua vyote. Mmoja alichukua gauni lina mkono mmoja. Nikamwambia niachie hadi kesho nimalizie, akasema heri mkono mmoja. Kuhama si tatizo, nimeshahama sana. Lakini akinitaja leo mbele ya kamati nzima, na wewe ukasema ndiye, nitakapokwenda jina litafika kabla yangu. Nani atanipa kitambaa chake?"

"Uliwaambia ghalani?"

"Sikuwaambia."

"Mumeo?"

"Muulize. Ana mdomo, ingawa hautumii."

Inspekta akamgeukia Dereva. "Jumatano ulikuwa kwenye msafara ule uliokwama?"

"Mimi nilikuwa wa mbele kabisa, afande. Nakata kona ya tangi, namkuta Mwenyekiti amekaa kwenye kiti katikati ya barabara. Kiti cha sebuleni, kile chenye mto."

"Siku zote mnawakwepa. Siku hiyo vipi?"

"Tuliwakwepa. Ndiyo maana tukapita tangi. Karani wa magari alituambia leo wako shule, piteni tangi."

Inspekta aliyekuwa anajikuna mkono aliacha kujikuna. "Rudia."

"Leo wako shule, piteni tangi. Tulikuwa tunapakia. Alirudi kutoka kuchapa hati za mizigo, akatugawia hati zetu, akasema hivyo. Kama anavyosema kila siku wanapokaa."

"Alijuaje?"

"Karani akikwambia pita huku, unapita. Ukimuuliza sababu, kesho gari anapewa mwingine."

"Mbona hukumweleza Mwenyekiti hili?"

"Nilimweleza! Nilimfuata mpaka mlangoni. Akasema mume wa msaliti hana ushahidi, akafunga mlango."

Inspekta alitamani kurudi nyumba kubwa akamkalishe mtu chini. Habari iliyovunja kesi nzima ilikuwa imesimama mlangoni, ikafungiwa nje. Kumbe ule ushindi wa Jumatano haukutokana na kuzibwa kwa mdomo wa msaliti. Siri ilivuja Jumatano kama ilivyovuja siku nyingine zote, ila safari hii ilivuja ikiwa na kosa. Ghala lilidhani watu wako shule. Na Fundi wakati huo alikuwa ameshatolewa kwenye kundi tangu Jumatatu, hapokelewi simu, hasalimiwi kisimani. Hakuwa na cha kuvujisha, cha kweli wala cha uongo.

"Kwa nini shule?" aliwaza kwa sauti. "Nani alifikiri ni shule?"

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza, bila furaha. "Muulize Katibu. Jumatano alikaa shule peke yake."

Katibu alikuwa kwenye chumba cha walimu akisahihisha mitihani kwa kalamu nyekundu. Alikuwa mtu msafi, shati lina mikunjo ya pasi, na salamu zake zilichukua muda. Aliuliza hali ya Inspekta, ya nyumbani, ya kustaafu, ya mgongo. Inspekta alijibu zote ni njema, hata ya mgongo.

"Jumatano asubuhi ulikuwa wapi?"

Kalamu ikasimama. "Kwenye majukumu ya kampeni."

"Wapi?"

"Njia ya shule."

"Na nani?"

Katibu akalitazama dirisha. "Na bango."

"Muda gani?"

"Mpaka wanafunzi wakatoka mapumziko wakaniuliza nani kaniadhibu."

Inspekta alimeza kicheko, maana lililofuata halikuwa la kuchekesha. "Katibu, sikiliza vizuri. Mkutano wa Jumanne uliamua tangi. Ghala liliambiwa shule. Na wewe ulikwenda shule. Ghala lilijua kile ulichokijua wewe, na halikujua usichokijua. Kama ungekuwa kwenye nafasi yangu ungemwita mtu huyo nani?"

Katibu alivua miwani. Hasira yake ilikuwa ya mtu asiyezoea hasira, haijui itokee wapi. "Mimi? Mtoto yule ni mwanafunzi wangu! Anakuja darasani kwa magongo, kila siku namshusha ngazi mwenyewe!"

"Basi nieleze kuhusu shule."

"Tulikubaliana shule! Nilikuwepo hewani, nilisikia kwa masikio yangu. Kumbe baada ya mimi kutoka, mtu akakumbusha kwamba kesho yake kuna mtihani, kelele zitawasumbua watoto, wakahamishia tangi. Hayo nimeyajua baadaye."

"Ulitoka kabla ya mwisho? Kwa nini?"

"Bando lilikuwa linaishia. Ningebaki mpaka mwisho lisingetosha kutuma muhtasari."

Inspekta alimtazama. "Ulitoka kwenye mkutano ili uweze kutuma muhtasari wa mkutano."

"Ndiyo kazi ya katibu," alisema Katibu kwa heshima zake zote.

"Ukasema ndani ya muhtasari kwamba ni shule."

"Kwa ufasaha kabisa."

"Na wenzako wote waliobaki hewani wanajua ni tangi. Hakuna hata mmoja aliyekurekebisha?"

"Hakuna." Kwa mara ya kwanza jambo hilo likaonekana kumshangaza. "Ningetarajia angalau mmoja aniambie."

Inspekta hakumwambia sababu. Alinyoosha mkono apewe simu. Programu ile ilikuwa na tabia moja ambayo wapelelezi wa zamani wangeilipia mshahara wa mwaka: ukiubonyeza ujumbe wako wa sauti na kuushikilia, inakuonyesha nani umemfikia na nani ameusikiliza. Aliubonyeza muhtasari wa Jumanne. Ulikuwa umewafikia wanakamati wote. Chini yake, mahali pa waliousikiliza, palikuwa na jina moja tu.

Mwenyekiti, Jumatano asubuhi na mapema.

Alifungua muhtasari wa kabla ya huo. Mwenyekiti, asubuhi. Akaingia kundi la Kamati Safi, akaingia lile la mwanzo kabisa. Kinyozi alisikiliza mmoja, hapo zamani, labda kwa bahati mbaya. Mingine yote Mwenyekiti, Mwenyekiti, Mwenyekiti, daima asubuhi.

"Unaona?" Katibu alisema, na uso wake ukachanua. "Yule mama anaheshimu kazi. Wengine wote sijui, lakini yeye hajawahi kuniangusha."

Inspekta alirudisha simu taratibu. Sikioni mwake lilikuwa bado lile shuka la wifi lililofuliwa na kuanikwa: sijawahi kusikiliza hata mmoja.

Mwenyekiti alikuwa anajipaka mafuta mikononi tayari kwa mkutano. Inspekta hakukaa. "Nipe simu yako tena."

"Ameungama?"

"Simu, wifi."

Safari hii hakusoma ujumbe wowote. Aliingia kwenye mipangilio, pale panapoonyesha vifaa vingine vilivyounganishwa na akaunti. Palikuwa na kimoja. Kompyuta. Inatumika sasa hivi.

"Una kompyuta?"

"Kompyuta nitoe wapi? Kaka yako hata pasi mpya hanunui."

"Hii ni ya nani?"

Mwenyekiti aliinama, akatazama. "Ah, hiyo. Hiyo ni ya kwa Fotokopi. Pale tunapochapia mabango. Picha ya bango iko kwenye simu yangu, sasa ili ichapwe lazima iingie kwenye mashine yake. Anakuletea ule mraba wa vidotidoti, uupige picha, mara unakataa, mara mwanga hautoshi, na nyuma kuna foleni inaguna. Nikamwambia, baba, mimi ni mteja wako wa kila wiki, acha wazi. Tusisumbuane."

"Ukaacha wazi."

"Fotokopi ni mtu wetu! Karatasi za kwanza alitupa bure."

"Kila mnachoandika kinaonekana pale. Kila kundi jipya mnaloanzisha linafunguka pale lenyewe, maana wewe umo katika yote. Mnamfukuza kinyozi, mnamfukuza muuza vocha, mnamfukuza Fundi, na kompyuta inawafuata nyuma kama ndugu wa damu. Sasa niambie, karani wa ghala anachapia wapi hati za mizigo?"

Mwenyekiti alijifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea, wakavuka barabara pamoja.

Fotokopi, mtu mnene mwenye wino kwenye kucha, aliwapokea kwa furaha na kuuliza kama bango la Jumatatu liko tayari. Duka lilikuwa na printa moja na kompyuta mbili. Kwenye ile ya pembeni, karibu na rundo la hati za saruji zilizoharibika kwa wino, kioo kilikuwa wazi. Kamati Safi Kabisa ilionekana vizuri hata kutoka mlangoni, pamoja na waridi la asubuhi ile.

"Nani hukaa hapa?" Inspekta aliuliza.

"Wateja. Asubuhi ni karani wa ghalani. Printa inachelewa kupata moto, basi anakaa hapo ananisubiri."

"Anafanya nini akisubiri?"

"Anavaa vipokea sauti, vibovu, vinavuja hadi huku kwangu, anasikiliza. Mimi nilidhani mawaidha." Fotokopi aliutazama uso wa Mwenyekiti, kisha kioo, kisha uso tena, na furaha ikaanza kumtoka. "Kwa sauti ile, nisingeweza kudhani kitu kingine."

Kwa hiyo katika mtaa mzima, mtu pekee aliyekuwa akimsikiliza Katibu hadi mwisho ni adui. Na siku Katibu alipokosea, adui akakosea naye. Inspekta alikuwa na hakika sasa, na hakika hiyo haikumpa raha yoyote.

Mwenyekiti alinyoosha mkono kwenye kipanya. Inspekta alimshika kiganja. "Usifunge bado. Twende nyumbani."

Sebuleni Mwenyekiti alikaa kwenye kile kiti chenye mto. Alipoongea alikuwa ameshapata nguvu.

"Tuseme tumedukuliwa."

"Na nani?"

"Wadukuzi. Wako wengi." Aliona uso wa wifi yake, akaacha njia hiyo, akashika nyingine. "Basi nisikilize. Hatusemi kitu. Kompyuta ile tunaiacha wazi. Katibu anatuma muhtasari kwamba Jumatatu ni shule. Sisi tunakaa tangi. Karani anasikiliza, malori yote yanaingia tangi, waandishi wa habari wapo, kamera zipo. Siku tatu tu! Baada ya hapo nitamsafisha Fundi mwenyewe, nitampigia magoti."

Lilikuwa wazo la kwanza la maana kutolewa na kamati hiyo tangu iundwe, na kwa hilo lilimuudhi Inspekta kuliko maua yote.

"Na siku tatu hizo Fundi atakuwa wapi?"

"Si atakuwa tu... kwa ndugu zake."

"Akiwa msaliti."

"Wifi, mimi ndiye niliyembeba yule mtoto." Sauti ya Mwenyekiti ilipasuka, na safari hii hakuwa anatangaza. "Mguu unaning'inia, kiatu kimebaki chini ya lori. Nilimbeba mimi. Watu wanakaa barabarani kwa sababu nimewaambia wakae. Wakijua ni mimi niliyekuwa nawauza kila wiki, hata kwa ujinga, Jumatatu nani atakuja? Malori yatashinda. Kwa ajili ya chumba kimoja?"

Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo haikupunguza hasira. Alikaa mbele yake, magoti yakigusana.

"Mtego wako ni mzuri. Utege. Lakini mkutano wa sauti hauachi kitu kwenye kioo cha Fotokopi, na karani haji mpaka asubuhi. Ukisema kwa mdomo leo, bila mtu kuandika neno, mtego unabaki pale pale. Kinachokuzuia ni aibu yako tu."

"Na mmoja wao akienda kumwambia karani?"

"Hakuna aliyewahi kumwambia karani kitu, wifi. Kinyozi hakusema. Muuza vocha hakusema. Fundi hakusema. Una kamati nzima ya watu waaminifu, umeitimua nusu. Hicho ndicho nilichokuja kukuambia."

Simu ikaanza kuita. Saa kumi. Mwenyekiti aliitazama inavyotetemeka mezani, na kwa sekunde chache Inspekta alidhani ataiacha iite hadi ikome. Kisha aliibonyeza, akaweka sauti ya nje.

Walisalimiana. Katibu aliomba ajenda. Mtu aliuliza kama Inspekta yupo aseme neno.

"Ataongea baadaye," Mwenyekiti alisema. "Kwanza mimi. Asiandike mtu chochote, wala usitumwe muhtasari." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Msaliti si Fundi. Hakuna msaliti. Ni mimi. Niliacha simu yangu imeunganishwa kwenye kompyuta ya kwa Fotokopi, na watu wa ghala wanasoma. Fundi hana kosa."

Simu ikakoroma. "Mwenyekiti, unakatika. Umesema msaliti ni nani?"

"Nimesema ni mimi!"

"Mtandao mbaya. Tumesikia Fundi, halafu umepotea. Fundi amefanyaje?"

Mwenyekiti alimtazama Inspekta, machozi yakiwa karibu, kama anayeuliza je, hiyo haihesabiki? Inspekta hakumsaidia. Mwenyekiti akasimama, akaenda dirishani kutafuta mtandao, dirisha lile linalotazama uani, akapaza sauti yake yote.

"Fundi hana kosa! Ni mimi! Mimi Mwenyekiti, kwa uzembe wangu, nimeivujisha kampeni tangu mwanzo! Nimemsingizia mpangaji wangu, nimemfukuza, na yeye hajafanya kitu!"

Uani vishindo vya vyombo vilikoma. Majirani wawili walichungulia juu ya ukuta.

"Mwenyekiti," simu ilisema, "bado hatukupati."

Fundi alikuwa ametoka akasimama chini ya dirisha, mikono kiunoni, futi shingoni.

"Mimi nimesikia," alisema. "Tangu mara ya kwanza. Lakini wao hawajasikia. Rudia."